Barua ya wazi kwa wanaosimamia mahakama: tuulizeni swali linalojibika

Waheshimiwa majaji na mahakimu, mawaziri wa sheria, wakuu wa mashtaka, na ninyi nyote ambao saini yenu ndiyo inayotuita mahakamani,

Mimi ni mwanasaikolojia ninayeitwa kuwapima washtakiwa. Barua iliyonipeleka kumwona kijana mmoja ilikuwa na mstari mmoja tu: nimpime mshtakiwa, niieleze mahakama kama ni mzima wa akili. Chini yake kulikuwa na namba ya kesi, muhuri, na tarehe ya kusikilizwa, siku tisa mbele. Haikueleza anashtakiwa kwa nini. Haikuambatanishwa na maelezo aliyoyatoa polisi, na baadaye nilikuja kujua kwamba kesi nzima ilikuwa imesimama juu ya kurasa zile nne.

Nilimkuta mahabusu, katika chumba chenye meza iliyofungwa sakafuni kwa misumari mikubwa. Mlango uliachwa wazi na askari akasimama kizingitini, bega moja ndani, bega moja nje. Nikamuuliza kijana kama anajua kwa nini yuko pale. Ndiyo. Anaijua kazi ya hakimu? Ndiyo. Anamwelewa wakili wake? Ndiyo. Alikuwa mpole, mwepesi wa kuitikia, na macho yake yalifuata mdomo wangu kana kwamba anataka kulidaka swali kabla halijatoka. Mpimaji mwenye haraka angefunga daftari pale pale na kuandika kwamba ameelewa kila alichoulizwa.

Nikamuuliza kwa sauti ileile: "Wiki iliyopita tulipoonana, nilikuja na mwenzangu mwenye miwani, siyo?"

Tulikuwa hatujawahi kuonana. "Ndiyo," akasema.

"Alikaa upande gani?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanyoosha kidole upande wa dirisha. "Pale."

Nilipomwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe hakimu ni nani, alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema hakimu ni mkubwa wa askari.

Niliandika ripoti ya kurasa 11. Siku ya kutoa ushahidi niliapa, nikataja elimu yangu na miaka yangu kazini, nikaifungua ripoti ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo nilipoishia. "Daktari, usitupeleke mbali. Kijana huyu ni mzima au si mzima? Ndiyo au hapana?" Nilisema hana ugonjwa wa akili, lakini. Baada ya "lakini" sikupewa nafasi. Mwenendo wa kesi wa siku ile umeandikwa kwamba shahidi mtaalamu alithibitisha mshtakiwa ni mzima. Neno hilo ni langu na ni la kweli, na ndilo lililofanya kurasa zile nne zipokelewe bila mtu kuuliza zilipatikanaje.

Siandiki barua hii kwa uchungu wa kukatizwa. Kila aliyewahi kupanda kizimbani amekatizwa, na mawakili wana haki ya kutubana kwa maswali ya dodoso. Ushahidi usiostahimili kubanwa haufai kumfunga mtu wala kumwachia. Naandika kwa sababu kosa lile halikutendeka kizimbani. Lilitendeka siku tisa kabla, kwenye ile barua ya mstari mmoja, na barua za namna hiyo zinanifikia hadi leo.

Ndani ya neno "mzima" mmefunga maswali matatu ambayo majibu yake yanaweza kupingana kwa mtu mmoja. La kwanza linahusu siku ya tukio. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi katibu binafsi wa waziri mkuu wa Uingereza akidhani ndiye waziri mkuu mwenyewe, Robert Peel, kwa kuwa aliamini serikali inamwandama. Kutokana na kesi ile majaji waliweka kipimo ambacho nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinakitumia hadi sasa: je, wakati anatenda, ugonjwa wa akili ulimzuia kujua anachokitenda, au kujua kwamba ni kosa? Hilo ni swali la kurudi nyuma. Ili kulijibu natakiwa niijenge upya hali ya akili ya mtu katika saa moja iliyopita miezi au miaka, kwa kutumia maneno yake, ya waliomwona, na maandishi ya hospitali.

La pili linahusu leo. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiweka wazi mwaka 1960 katika kesi ya Dusky: mshtakiwa awe anaielewa kesi inayomkabili, kwa ukweli wake na kwa akili timamu, na awe na uwezo wa kushauriana na wakili wake. Mtu anaweza kuwa alipotewa kabisa siku ya tukio, kisha baada ya miezi ya dawa akaketi na wakili wake na kupanga utetezi vizuri. Mwingine alikuwa anajua kila alichofanya, lakini leo, baada ya kupata kiharusi akiwa mahabusu, hawezi kufuata sentensi tatu mfululizo. Ukiuliza kama ni wazima, wote wawili nitawajibu vibaya.

La tatu ni lile lililomhusu kijana wangu, na ndilo mnalolisahau mara nyingi: alipokuwa anahojiwa na kutia kidole chake cha gumba kwenye karatasi, maneno yale yalikuwa yake? Hapa ugonjwa wa akili unaweza usiwepo kabisa. Kinachopimwa ni uelewa, kumbukumbu, hofu, uchovu, na wepesi wa kukubali analoambiwa na mkubwa.

Niruhusuni nieleze kidogo sisi ni akina nani, maana hata kizimbani naitwa daktari na mimi si daktari. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea tiba kwanza, anatoa dawa, anajua jinsi homa au dawa za kifafa zinavyoweza kugeuza tabia ya mtu. Mwanasaikolojia amesomea tabia na fikra na namna ya kuzipima: akili, kumbukumbu, uelewa, haiba, madhara ya kuumizwa. Zamani mahakama nyingi ziliwasikiliza madaktari peke yao. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alipoandika mwaka 1908 kwamba mahakama zinapoteza kwa kutoisikiliza saikolojia, mwanasheria John Henry Wigmore alimjibu mwaka uliofuata kwa kutunga kesi ya kubuni ambayo ndani yake Münsterberg anashtakiwa kwa kuwakashifu wanasheria. Ilichukua hadi mwaka 1962, katika kesi ya Jenkins kule Washington, kwa mahakama ya rufani kutamka kwamba mwanasaikolojia hawezi kukataliwa kuzungumzia ugonjwa wa akili kwa sababu tu hana shahada ya udaktari. Kinachotazamwa ni elimu na uzoefu wake. Wigmore alikuwa na hoja moja nzito hata hivyo: wakati ule tulikuwa na maneno mengi kuliko uthibitisho. Hoja hiyo nataka muendelee kutubana nayo.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Saa moja ya mazungumzo haitoshi. Nasoma faili lote, nazungumza na mama au dada au mwalimu, natafuta kumbukumbu za kliniki, narudi kumwona mtu siku nyingine ili nijue kama hali niliyoiona mara ya kwanza ni yake au ni ya siku ile. Napima pia kama anaigiza, kwa sababu wapo wanaoigiza. Vipo vipimo vilivyotungwa viwe vyepesi mno, kiasi kwamba hata mwenye jeraha la ubongo huvimudu. Mtu akipewa picha mbili na kuambiwa aonyeshe ile aliyoonyeshwa mwanzo, asiyejua kabisa bado atapatia karibu nusu kwa kubahatisha. Anayekosa mno kuliko wa kubahatisha, huyo anayajua majibu na anayakimbia. Kazi hii haiwezi kufanywa ndani ya siku tisa zilizojaa kesi nyingine sita, na matokeo yake hayatoshi kwenye ndiyo au hapana.

Kuna swali moja ambalo nawaomba msituulize kabisa: "Kwa utaalamu wako, anasema kweli?" Naulizwa hivyo zaidi katika kesi za watoto. Naweza kueleza kwa nini mtoto aliyedhuriwa anaweza kuchelewa kusema, au kusema nusu leo na nusu mwezi ujao, au kuendelea kumsalimia kwa heshima yule aliyemdhuru. Maelezo hayo yanaisaidia mahakama isimhukumu mtoto kuwa mwongo kwa tabia ambayo ni ya kawaida kwa walioumizwa. Lakini hakuna kipimo nilicho nacho mkobani kinachosema huyu mkweli, yule mwongo. Nikijibu swali lile nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha hakimu bila kuapishwa. Nchini Marekani, tangu mwaka 1984, baada ya John Hinckley aliyemjeruhi Rais Reagan kuonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kanuni za mahakama za shirikisho zinamkataza mtaalamu kutamka kama mshtakiwa alikuwa na nia inayolifanya kosa kuwa kosa. Unaweza kubishana na sababu za kanuni ile. Mpaka inaouchora lakini ni wa kweli: sisi tunaeleza hali, ninyi mnaamua.

Upande wa pili wa mpaka huo nao una hatari yake. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mahakama haihitaji mtaalamu wa kuiambia watu walivyo, kwa kuwa hakimu ana macho na amekaa na watu maisha yake yote. Mwaka 1985 katika vurugu za Tottenham, London, aliuawa askari polisi, na miaka miwili baadaye Engin Raghip akafungwa maisha kwa maneno aliyoyasema mwenyewe polisi. Alipoomba rufaa mwaka 1988, mwanasaikolojia Gisli Gudjonsson alikuwa amempima na kukuta uelewa mdogo na wepesi mkubwa wa kushawishika. Mahakama ilikataa: wajumbe wa juri, raia wa kawaida walioamua kesi, walimwona na kumsikia, walikuwa na nafasi ya kutosha ya kumpima wenyewe. Mwaka 1991 kesi iliporudi, Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba macho hayatoshi; mtu anaweza kuongea vizuri kizimbani huku uelewa wake ukiwa wa mtoto. Raghip akaachiwa huru katika mashtaka yale ya mauaji. Kati ya majibu hayo mawili kilichobadilika ni utayari wa majaji kusikiliza. Raghip mwenyewe alikuwa yule yule.

Kipimo cha Gudjonsson, alichokichapisha mwaka 1984, ni kitu rahisi ukikiona. Unamsomea mtu hadithi fupi. Baadaye unamuuliza maswali 20, na 15 kati yake yana mtego: yanadokeza jambo ambalo hadithi haikusema. Kisha unamwambia kwa uso mkavu kwamba amekosea mengi, ajaribu tena kwa uangalifu zaidi. Unahesabu mara ngapi alikubali mtego, na mara ngapi alibadilisha jibu kwa sababu tu amekaripiwa. Mnaomjua kijana wangu na yule "mwenzangu mwenye miwani" mnaweza kukisia alivyofanya.

Na msidhani ni wenye uelewa mdogo tu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za ajali za magari, wakawauliza yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Walioulizwa kuhusu magari "yaliyobamizana" walitaja wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yaliyogusana" walitaja 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la neno la kawaida, "yaliyogongana," 7. Vioo havikuwepo. Kama kitenzi kimoja kinaweza kupanda kioo ndani ya kumbukumbu ya mwanafunzi aliyepumzika na asiyeogopa chochote, fikirieni usiku mzima wa maswali unampandia nini mtu aliyekamatwa.

Ndiyo maana ombi langu kubwa kwa mawaziri halihusu wanasaikolojia hata kidogo: rekodini mahojiano yote ya polisi, sauti na picha, tangu neno la kwanza. Bila rekodi mnaniuliza kama ungamo ni la kutegemewa, nami nina karatasi iliyoandikwa na mhojaji kwa lugha ya mhojaji. Naweza kuwaambia kwamba kijana huyu anashawishika kirahisi. Siwezi kuwaambia kama usiku ule alishawishiwa. Rekodi ingetuambia sote kwa dakika chache, na mara nyingi ingemlinda askari aliyefanya kazi yake kwa haki.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda. Tumewahi kuua watu kwa maneno yetu. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Thomas Barefoot, aliyehukumiwa kifo Texas. Madaktari wawili wa magonjwa ya akili waliliambia juri kwamba Barefoot ataendelea kuwa hatari. Hawakuwa wamemwona hata mara moja. Walijibu kwa kutumia maelezo ya kufikirika yaliyosomwa na mwendesha mashtaka. Mmoja wao, James Grigson, alisema uwezekano huo ni asilimia 100. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani chenyewe kiliiambia mahakama kwamba utabiri wa namna hiyo, wa miaka ya mbele, hukosea mara mbili kati ya tatu. Mahakama ikasema ushahidi upokelewe hata hivyo, wakili wa utetezi ataupinga kwa maswali. Barefoot aliuawa mwaka 1984. Grigson alifukuzwa kwenye chama mwaka 1995, na kufikia hapo alikuwa ametoa ushahidi wa aina hiyo katika kesi nyingi.

Katika kesi ya Duane Buck aliyekosea ni mtu wa fani yangu. Mwaka 1997, kule kule Texas, mwanasaikolojia aliyeitwa na upande wa utetezi aliliambia juri kwamba kuwa mtu mweusi kunaongeza uwezekano wa kuwa hatari siku za mbele. Hakukuwa na sayansi yoyote hapo, ila chuki ya rangi iliyovikwa koti la utaalamu. Ilichukua miaka 20 kabla ya Mahakama ya Juu kusema mwaka 2017 kwamba hukumu ile haiwezi kusimama, na jaji mkuu akaandika kwamba sumu nyingine huua hata kwa kiasi kidogo. Nikiulizwa leo kama mtu fulani atarudia kosa, naweza kueleza mambo yanayoongeza hatari na yanayoipunguza, naweza kusema watu wenye alama kama zake katika kipimo fulani hurudia kwa kiwango gani, na lazima niseme kwamba sijui kama yeye ni miongoni mwa watakaorudia au wasiorudia. Mtaalamu anayewapa asilimia 100 mteremsheni kizimbani.

Mtauliza: kwani hamna maadili yanayowazuia? Tunayo. Lakini soma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Daniel Murrie, Marcus Boccaccini na wenzao. Walilipa wanasaikolojia na madaktari wa akili zaidi ya 100 wenye uzoefu wa mahakama wapitie mafaili ya wahalifu. Nusu waliamini wameajiriwa na upande wa mashtaka, nusu upande wa utetezi. Mafaili yalikuwa yale yale. Walioamini wako na mashtaka walitoa alama za juu zaidi za hatari, walioamini wako na utetezi walitoa za chini. Hawa hawakuhongwa. Walijiona waadilifu, na wengi wao nadhani walikuwa waadilifu.

Najua ukweli wa utafiti ule kwa sababu nimejiona. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa narudia rasimu ya ripoti usiku, nikakuta kwenye ukurasa wa sita nimeandika "mteja wetu." Wetu! Mtu yule hakuwa mteja wangu. Wakili alikuwa amenipigia simu mara nne wiki ile, mchangamfu, mwenye shukrani, akinieleza jinsi familia inavyonitegemea. Sikuwa nimedanganya popote katika ripoti. Ila mambo yaliyomsaidia niliyaandika kwa sentensi ndefu zenye mifano, na yaliyomuumiza kwa sentensi moja kila moja. Nikaifuta nikaandika upya. Wakili yule hakunipigia tena.

Tatizo hili linapungua mkibadilisha nani anatuita na nani anatulipa. Mtaalamu ateuliwe na mahakama, alipwe na mahakama, kiasi kile kile ripoti imlalie nani. Pale ambapo kila upande una mtaalamu wake, fanyeni kama wanavyofanya Australia, ambako wataalamu huapishwa pamoja, huketi pamoja, na jaji huwapitisha kwenye hoja moja baada ya nyingine wakijibizana mbele yake. Ni vigumu kutia chumvi ukiwa bega kwa bega na mwenzako aliyesoma vitabu ulivyosoma. Na anayeshindwa wajibu wake awajibike. Uingereza iliondoa kinga ya mashahidi wataalamu dhidi ya kudaiwa fidia na waliowaajiri mwaka 2011, katika kesi ya Jones dhidi ya Kaney. Anayelalamikiwa alikuwa mwanasaikolojia. Ilidaiwa kwamba alitia saini taarifa ya pamoja iliyoandikwa na mtaalamu wa upande wa pili, isiyolingana na aliyoyaamini, na kesi ya majeruhi ikamalizwa kwa fidia ndogo. Wenzangu waliogopa uamuzi ule. Mimi naona saini yangu iwe na uzito kama ya fundi anayethibitisha kwamba daraja litabeba.

Kuhusu namba tunazowapa, neno fupi. Mshtakiwa akipata 71 kwenye kipimo cha akili na sheria imechora mstari kwenye 70, msifikiri namba ile moja ina maana kubwa. Kila kipimo kina ukingo wa kukosea. Florida ilitaka kumuua Freddie Lee Hall kwa tofauti ya namba hiyo, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2014 kwamba ukingo wa kukosea, wa alama tano hivi, lazima uhesabiwe. Tena vipimo vingi vilitungwa kwa lugha fulani na kupimwa kwa watu wa shule fulani. Nikimpima mtu asiyewahi kushika penseli kwa kipimo cha penseli, nimepima shule aliyoikosa. Niulizeni kila mara: kipimo hiki kilithibitishwa kwa watu kama huyu? Nikinyamaza, mmejua.

Na mkalimani. Nilishakaa na mtu aliyezungumza karibu dakika mbili, mikono ikipanda na kushuka, sauti ikakatika katikati, akajifuta uso kwa kiganja. Mkalimani, aliyeazimwa kutoka ofisi ya jirani, akanigeukia: "Amekataa." Yote yaliyokuwamo katika dakika zile mbili, yaani hofu, mpangilio wa mawazo, kama yanaunganika au yanatawanyika, ndiyo niliyokuja kuyatafuta. Mkalimani wa kazi hii afundishwe kutafsiri kila kitu, hata maneno yasiyo na maana, kwa sababu kwangu yasiyo na maana huwa na maana.

Mlango pia ufungwe. Itifaki ya Istanbul ya Umoja wa Mataifa, inayohusu uchunguzi wa mateso, inasema askari asiwepo chumbani mtu anapochunguzwa. Mantiki hiyo hiyo inafaa kwa kila tathmini. Yule kijana alijibu ndiyo kwa kila kitu. Mpaka leo sijui ni ndiyo ngapi kati ya zile zilielekezwa kwangu na ngapi kwa lile bega lililokuwa mlangoni.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha na muda. Kesi ni nyingi, wataalamu wachache, bajeti imebana. Lakini kesi ya kijana inapoahirishwa mara tatu kwa sababu ripoti haikujibu lililohitajika, au inaporudi kutoka rufani kuanza upya, mmelipa mara mbili, naye amelipa kwa siku za maisha yake mahabusu. Kuandika barua nzuri ya maagizo hakuna gharama. Ni kazi ya nusu saa ya hakimu na mawakili wa pande mbili wakiwa meza moja. Kwa hiyo, kama kesi ile ingefunguliwa upya na ninyi mkaniita, barua ambayo ningependa kuikuta mezani kwangu ni hii:

"Mtaalamu, umeteuliwa na mahakama na wajibu wako ni kwa mahakama. Mshtakiwa ana miaka 19 na anatuhumiwa kuchoma ghala. Ushahidi mkuu dhidi yake ni maelezo ya kurasa nne. Tumeambatanisha nakala, pamoja na rekodi ya mahojiano na kumbukumbu za shule na zahanati. Tueleze, kwanza, uelewa wake wa lugha na wa mwenendo wa kesi ukoje leo, na nini kingemsaidia kuufuata. Pili, tueleze kama kuna jambo lolote katika uwezo wake, afya yake au wepesi wake wa kushawishika ambalo mahakama inapaswa kulijua kabla ya kuamua uzito wa maelezo hayo. Utaje vipimo ulivyotumia, mipaka yake, na maoni mengine ambayo mtaalamu mwenzako angeweza kuyatoa. Una wiki sita, na chumba chenye mlango unaofungwa. Siku ya ushahidi utapewa nafasi ya kumaliza sentensi zako."

Wenu,
Mwanasaikolojia wa mahakama